Je, feni ya jengo ikipunguzwa kasi nusu, umeme hupungua kiasi gani?

Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa: nusu. Feni kubwa inayosambaza hewa baridi kwenye jengo la ofisi ikizunguka nusu ya kasi yake, itakula nusu ya umeme. Nilikosea sana. Kwa hesabu ya fizikia, nguvu inayobaki kuhitajika ni sehemu moja tu ya nane.

Mfikirie kuli anayepandisha magunia 80 kwa saa hadi ghorofa ya nne. Feni ikipunguzwa kasi nusu, hewa inayopita kila sekunde nayo hupungua nusu, kwa hiyo kuli ana magunia 40. Hilo nililijua. Sikujua kwamba ngazi nazo hufupika. Hewa inayokwenda polepole haisuguani sana na kuta za mifereji ya bati, kona zake na vichujio. Kasi ikishuka nusu, ukinzani huo hushuka hadi robo. Kuli sasa anaishia ghorofa ya kwanza. Awali kazi yake ilikuwa 80 mara 4, yaani 320; sasa ni 40 mara 1. Ndiyo moja ya nane hiyo.

Uzuri ni kwamba hata punguzo dogo huonekana. Kwa asilimia 80 ya kasi, feni huhitaji takriban nusu ya nguvu, kwa sababu 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.512.

Zamani mota iliachwa izunguke kwa kasi ileile, hewa ikazuiwa kwa dampa, yaani kibati cha kuziba ndani ya mfereji. Umeme ulipungua kiasi, lakini huko ni kumpunguzia kuli magunia na kumwachia ngazi zote.

Kasi ya mota ya kawaida ya AC, yaani ya umeme unaogeuza mwelekeo tena na tena, hufuata frikwensi ya umeme huo: idadi ya mizunguko yake kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz. Yenye ncha nne za sumaku, kwenye Hz 50 za Tanzania na Kenya, huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika. Kifaa ambacho mafundi hukiita VFD hugeuza umeme wa AC kuwa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, kisha huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde ili mota iuone kama AC ya frikwensi nyingine, tuseme Hz 25. Inveta ya kiyoyozi cha nyumbani hufanya vivyo hivyo.

Lakini VFD yenyewe hupoteza asilimia chache ya umeme kama joto. Feni inayolazimika kwenda kasi kamili kutwa nzima haitaokoa chochote kwa kufungiwa kifaa hiki; itakula zaidi kidogo.

Tena, moja ya nane hupatikana pale tu ambapo ukinzani wote ni msuguano. Majengo mengi hutunza presha fulani kwenye mfereji wakati wote, na hapo akiba hupungua. Pampu ya kupandisha maji kwenye tangi la paa ni tofauti zaidi: ngazi zake hazifupiki kamwe. Ipunguze kasi nusu, na huenda ikazunguka mchana kutwa bila tone moja kufika juu.