Mandhari inayolindwa ni nini?

Mandhari inayolindwa ni kanuni ya mipango miji inayosema hivi: mtu akisimama mahali fulani, lazima aendelee kukiona kitu fulani, na jengo jipya lisimzibie. Kinacholindwa ni nafasi tupu, ile hewa iliyopo kati ya jicho na kinachotazamwa.

London ina historia ndefu ya jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, jengo la simu la Faraday liliinuka karibu na mto Thames, likalificha kanisa kuu la St Paul's kwa watu waliozoea kulitazama kutoka upande wa mtoni. Malalamiko yalikuwa mengi, na kabla ya muongo huo kwisha majengo ya jirani yakawekewa kikomo cha kimo. Mandhari nyingine inaanzia mbali sana, kwenye kilima cha King Henry's Mound huko Richmond: unachungulia kwenye mwanya uliokatwa katika ua wa miti, na kuba la kanisa linaonekana umbali wa kilomita 16 hivi.

Lakini kuacha mbele wazi hakutoshi. Mnara ukiota nyuma ya kuba, umbo la kuba linapotea. Hapo ndipo inapoingia habari ya Leadenhall, mnara wa ofisi wenye mita 225 uliokamilika 2014, kazi ya kampuni ya msanifu Richard Rogers. Ukitembea Fleet Street kuelekea kanisani, mnara huo uko nyuma kabisa. Kwa hiyo upande wake wa kusini umelazwa, kila ghorofa ikirudi nyuma kidogo kuliko ya chini yake, hadi mnara mzima unakuwa kama kabari. Wenyeji wameufananisha na kifaa cha kukwaruzia jibini.

Gharama yake si ndogo. Ghorofa za juu ndizo zenye kodi kubwa, na hapa ndizo finyu kuliko zote. Ili kuokoa nafasi, hakuna kiini cha zege katikati. Lifti, vyoo na mabomba vimehamishiwa upande wa kaskazini, na uzito unabebwa na fremu kubwa ya chuma iliyozunguka pembeni. Mimi nauona kuwa mzuri kuliko minara mingi iliyoachiwa ipande wima, kwa sababu mlalo wake una maana: unampisha mzee wa mwaka 1710, yaani kanisa la St Paul's.