Ulimi na Tundu: Yanayosemwa Kuhusu Jointi za Mbao na Jinsi Mambo Yalivyo

Kiti kikianza kuyumba miezi mitatu baada ya kununuliwa, mwenye kiti hulaumu mbao, na fundi hulaumu gundi. Mara nyingi kosa lilifanyika mapema zaidi, siku mbao ilipochorwa. Nazungumzia hasa jointi ya ulimi na tundu, ambapo ncha ya mbao moja huchongwa iwe ulimi unaoingia kwenye tundu la mbao nyingine, ile inayoshika miguu ya viti na fremu za milango. Ndiyo iliyoshika pia vitanda vya kamba vya pwani: mfumbati (mti wa ubavuni) na kitakizo (mti wa kichwani na miguuni) vina ndimi, tendegu (mguu wa kitanda) lina matundu, na kitanda kinasimama bila msumari hata mmoja.

"Mashine ndiyo inayotoa jointi iliyonyooka."

Dhana hii naipinga kuliko zote, maana imewafanya vijana wengi wanunue mashine kabla ya kujua kuchora. Msumeno wa umeme hukata pale unapoelekezwa, basi. Tena meno yake hula mbao, mara nyingi kama milimita 3. Ukiupitisha juu ya mstari badala ya upande wa taka (mbao inayotupwa), unapoteza milimita moja na nusu kila upande. Ulimi uliopaswa kuwa na unene wa milimita 16 unatoka na 13, na tundu lake linabaki wazi.

Usahihi unaanzia kwenye alama. Penseli butu huacha mstari mnene. Kisu hukata uzi wa mbao na kuacha mfereji ambao patasi inaweza kuegemea. Chagua uso mmoja wa kila mbao, uutie alama, kisha geji yako, kifaa cha kuchora mstari sambamba na uso wa mbao, iegemee uso huo tu, kwenye ulimi na kwenye tundu, bila kubadilisha kipimo. Hapo hata kama mbao mbili zimetofautiana unene kidogo, nyuso za mbele zitalingana. Kwa kawaida unene wa ulimi huwa kama theluthi moja ya mbao. Anza na tundu: upana wake umeshaamuliwa na patasi au biti (kekee ya mashine) uliyonayo, ilhali ulimi unaweza kuupunguza kidogo kidogo hadi uingie.

Ruta, mashine ya mkononi ya kuchimbia mbao, nayo huacha ncha za tundu zikiwa mviringo. Ama uzichonge kwa patasi ziwe mraba, ama uuviringe ulimi kwa tupa. Kwa vyovyote vile, mkono ndio unaomalizia.

"Basi vifaa vya mkono vimepitwa na wakati."

Ukitengeneza viti 40 vinavyofanana, tumia mashine, sina ubishi. Muda wa kuipanga unarudi. Lakini kwa mlango mmoja unaorekebishwa nyumbani kwa mtu, wakati mwenzako mwenye mashine bado anajaribisha kipimo kwenye vipande vya mbao, msumeno wa mkono umeshamaliza kazi.

"Patasi kali ni hatari."

Butu ndiyo hatari. Inadai nguvu, na ikiteleza inakwenda na nguvu hiyo yote. Patasi mpya kutoka dukani pia haijawa tayari: sawazisha mgongo wake kwenye kinoo, kisha noa makali kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30. Na mkono wa pili usikae kamwe mbele ya makali.

"Gundi nyingi hufidia nafasi."

Gundi nyeupe ya mbao hushika vizuri pale nyuzi za mbao zinapolala ubavu kwa ubavu na kugusana. Kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzi zilipokatwa, hufyonzwa na kushika kwa unyonge. Ndiyo maana ya ulimi: kuipa gundi mbavu ndefu za kushikilia. Unga wa mbao uliochanganywa na gundi huficha pengo machoni, lakini haubebi uzito wa mtu.

"Msumari huongeza uimara."

Msumari ukipita kwenye ulimi mwembamba unaweza kuupasua. Ukitaka uhakika, tumia kijiti cha mbao ngumu. Toboa kwanza mbao yenye tundu, kisha tundu la kijiti kwenye ulimi lisogee milimita moja tu kuelekea begani, yaani pale ulimi unapoanzia. Kijiti kikigongwa, kinavuta jointi yote ikaze.

"Mbao ngumu haichezi."

Kila mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana na unene; kwa urefu ni kidogo mno. Hata mninga, unaosifiwa kwa utulivu, ukichongwa mbichi ulimi wake husinyaa na kulegea ndani ya tundu.

Kabla ya kutia gundi, jaribu jointi ikiwa kavu. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono, au kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mbao. Ukihitaji kugonga kwa nguvu, umebana mno na utapasua tundu. Kisha inua kipande chenye tundu, ukigeuze chini, ulimi usidondoke.