Z09.4: msimbo wa marudio pale mfupa unapokuwa umeunga

Mkwezi wa michikichi huko Kigoma ameanguka, akavunjika mfupa wa mkono karibu na kifundo. Amefungwa hogo, wiki 6 zimepita, hogo limetolewa. Leo yuko tena kliniki: eksirei inaonyesha mfupa umeunga, na mkono unakunjika bila maumivu. Aandikiwe msimbo gani wa ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha?

Wengi hurudia S52.5, ule wa siku aliyovunjika, na hapo ndipo kosa linapoanzia. S52.5 husema kuna mfupa uliovunjika. Ukirudiwa katika mahudhurio manne bila alama ya marudio, takwimu zitaonyesha mivunjiko minne kwa mtu aliyeanguka mara moja. Halafu mganga mkuu anapanga vifaa kwa hesabu isiyo ya kweli, na mkaguzi wa madai ya bima ana haki ya kuuliza ni mvunjiko gani huo usiotibiwa.

Katika ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, Z09.4 ni uchunguzi wa kufuatilia baada ya matibabu ya mvunjiko. Sharti lake ni moja: matibabu yameisha na uchunguzi wa leo haukukuta tatizo. Ukikuta tatizo, Z09.4 inaondoka na tatizo ndilo linaloandikwa. Mfupa unaochelewa kuunga ni M84.2, uliokataa kabisa kuunga ni M84.1, ulioungana vibaya ni M84.0.

Kuna hali ya katikati inayowachanganya hata wazoefu. Mfupa umeunga, lakini kifundo kimekakamaa. Andika kukakamaa kwa kiungo, M25.6, kwa kuwa ndiko kunakotibiwa leo, kisha ongeza T92.1, athari iliyobaki baada ya mvunjiko wa mkono. Usivutwe na T92.2 kwa sababu tu tatizo liko kwenye kifundo. Hiyo ni ya mifupa ya S62, yaani ya kifundo chenyewe na kiganja. S52 ni mifupa ya kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo.

Aliyekuja kutolewa vyuma vya ndani ni Z47.0. Aliyekuja kukaguliwa au kutolewa hogo ni Z47.8.

Tahadhari kwa wanaotafuta misimbo mtandaoni: mara nyingi utakutana na kitu kama S52.501D. Huo ni wa Marekani, unaotumika huko tangu tarehe 1 Oktoba 2015, na herufi D mwishoni ndiyo inayobeba maana ya matibabu ya kuendelea. Kwao, mvunjiko haupewi misimbo ya Z ya uangalizi kama Z47. Katika toleo la Shirika la Afya Duniani herufi hiyo haipo. Tarakimu ya ziada huonyesha tu kama mvunjiko ni wa ndani, 0, au wenye jeraha wazi, 1. Ukinakili wa Marekani kwenye fomu inayofuata toleo hili, umeandika msimbo usiokuwepo.

Mwenye kuweka msimbo hawezi kukisia yaliyoonekana kwenye eksirei. Maneno "mvunjiko, marudio" hayamsaidii. Daktari aandike hivi (redio ni mmoja wa mifupa miwili ya kigasha): "Mvunjiko wa ncha ya chini ya redio, mkono wa kulia, umeunga kwa eksirei ya leo, mwendo kamili, ameruhusiwa." Kwa sentensi hiyo, Z09.4 haina ubishi.