Nyasi hazina kosa: paa la kijiji cha Kiingereza linavyodumu na linavyoungua

Kila picha ya kijiji cha Uingereza inapopita mtandaoni, ile yenye kuta nyeupe na paa nene la nyasi, chini yake lazima atokee mtu: "Kumbe na wao wanaishi nyumba za nyasi! Kiberiti kimoja tu, kijiji kizima kwisha." Mwingine atadakia kwamba wanaezeka upya kila mwaka kama banda la shambani. Wa tatu atauliza kwa nini serikali isiwape bati. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Najibu hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Miaka kwanza, maana hiyo ni fupi. Paa la mabua marefu ya ngano hudumu kati ya miaka 15 na 25. Mabua yaliyochanwa, yaani yaliyopitishwa kwenye mashine inayotoa majani na masuke bila kuyaponda, huenda miaka 25 hadi 40. Matete ya majini hupita 40, na wauzaji hupenda kutaja 60. Mgongo wa paa peke yake ndio unaochakaa haraka, na hurudiwa kila baada ya miaka 10 hadi 15. Kwa hiyo hakuna anayeezeka kila mwaka. Hizo 60 za matete lakini mimi sizitii sahihi. Yako mapaa ya matete yaliyooza kabla ya nusu ya umri huo, hasa upande wa magharibi wenye mvua nyingi, na ukiuliza sababu, mwezekaji atalaumu matete, muuza matete atamlaumu mwezekaji, na wote wawili wataulaumu mti wa jirani unaotia kivuli.

Halafu hizo "nyasi" si nyasi za kufyeka popote. Ngano ya leo haifai. Imefupishwa makusudi isilale shambani, imejazwa mbolea ya naitrojeni hadi bua limekuwa laini, na mashine kubwa ya kuvunia inaliponda. Mkulima wa mabua ya kuezekea hupanda aina ndefu, kama Maris Widgeon iliyoingia sokoni miaka ya 1960, huivuna kabla haijakauka kabisa kwa mashine ya kizamani inayofunga miganda, huisimamisha miganda shambani ikauke, ndipo huipura. Mvua ikinyesha mfululizo wakati wa mavuno, paa za mwaka huo zimeshapata hasara. Matete hukatwa majira ya baridi, majani yakishapukutika. Ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, yana sifa, ila hayatoshi. Mengi yanayopanda kwenye mapaa ya Uingereza yametoka Uturuki, Hungaria, Ukraine, hata China.

Sasa pembe. Paa la namna hii halizuii maji kwa kuwa gumu. Linayafukuza. Tone hutua kwenye ncha ya bua, hushukia ncha ya chini yake, hivyo hivyo hadi upenuni, na kwenye paa zima lenye unene wa sentimita 30 kinacholowa ni kama sentimita 2 au 3 za juu. Ili hilo litokee mteremko usipungue digrii 45, na mimi nataka 50. Watu wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo ninapokasirika, kwa sababu pembe ya paa si pembe ya bua. Bua ndani ya paa hulala zaidi kuliko paa lenyewe, kwa kuwa kila tabaka limelala juu ya tabaka la chini yake. Paa la digrii 50 linaweza kuwa na mabua yaliyolala digrii 25. Mwezekaji akijaza sana upenuni ili paa lionekane nene na la kupendeza, au akiweka tabaka nene juu ya paa la zamani lililokwisha kulala, mabua huendelea kulala zaidi hadi maji yanakawia, na mwisho yanarudi ndani. Kutoka barabarani huoni kitu. Paa linapendeza, picha zinapigwa, na ndani linaoza. Ukitaka kujua, ingiza mkono kati ya mabua katikati ya mteremko na ufuate bua linakoelekea. Likiwa limelala karibu sawa na ardhi, usinunue nyumba hiyo kabla ya kupunguza bei.

Chini ya madirisha ya darini na kwenye makutano ya mapaa mawili maji hukusanyika, na hapo ndipo paa hufa kwanza. Ukiona mifereji iliyochimbika kwenye nyasi ikishuka, au fito za kubania zimeanza kuchungulia nje, muda umekwisha. Fito hizo ni za mti wa heizeli, zimepasuliwa, zikachongwa ncha mbili, zikasokotwa katikati ili zikunjwe bila kuvunjika, kisha zikapigwa ndani. Paa moja hula maelfu yake. Uoto wa kijani unaotambaa juu ya paa sina jibu la uhakika kuuhusu: unashika unyevu, kweli, lakini kuukwangua huondoka na ncha za mabua pia, na nimeona hoja nzuri pande zote mbili. Mti uliolalia paa, huo kata bila mjadala.

Matengenezo ya paa la ngano hayaanzi kwa kuezua. Mwezekaji huondoa sehemu iliyooza hadi afike penye mabua mazima, kisha hubania tabaka jipya juu. Ndiyo maana baadhi ya nyumba, nyingi zikiwa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, tabaka la chini kabisa ni la kabla ya dohani kujengwa, enzi moto ulipowashwa katikati ya chumba na moshi ukajitafutia njia kupitia paani. Mabua hayo ni meusi tititi kwa masizi, na ndani yake bado mnaonekana masuke ya ngano za zama za kati pamoja na magugu ya mashamba yale, makavu kama yalivyowekwa. Anakuja mwenye nyumba mpya, ameambiwa matete ndiyo "bora". Matete hayabaniwi vizuri juu ya mabua ya zamani; yanataka kufungwa moja kwa moja kwenye pau na kombamoyo. Basi wanaezua kila kitu, na miaka 600 inakwenda jalalani asubuhi moja. Kwa jengo lililoorodheshwa kisheria kama urithi, kubadilisha hivyo bila kibali ni kosa la jinai.

Haya, moto.

Makuti mnayajua: kuti limekunjwa juu ya ufito, hewa inapita juu, chini na katikati, likishika moto halina subira. Paa la Kiingereza limeshindiliwa. Jaribu kuchoma kitabu kilichofungwa, utaona kingo zinaungua na kurasa za ndani zimebaki nyeupe. Uso wa paa lililopigwa vizuri huungua vivyo hivyo, taratibu. Sisemi haliwaki. London ilipiga marufuku mapaa mapya ya nyasi baada ya moto wa mwaka 1212, na Globe, ukumbi wa tamthilia za Shakespeare uliojengwa upya na kufunguliwa 1997 ulipewa nyasi kwa masharti, pamoja na mabomba ya kunyunyizia maji juu ya mgongo wa paa. Ninachosema ni kwamba nyumba hizi haziwaki mara nyingi kuliko nyingine. Zikiwaka, hasara ndiyo kubwa. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Na chanzo mara nyingi si kiberiti cha mtoto. Ni dohani. Hasa dohani ya zamani iliyojengewa moto wa wazi, kisha ikafungiwa jiko la chuma la kuni la kisasa. Jinsi moto unavyotoka kwenye dohani hadi kwenye nyasi, wataalamu wamegombana miaka mingi. Kundi la kwanza linasema joto hupenya matofali: paa limenenepa tabaka kwa tabaka, limeikumbatia dohani kama blanketi, joto halina pa kutokea, nyasi zinazogusa tofali zinaungua polepole hadi zinawaka. Kundi la pili linasema ni cheche zinazorushwa juu na kutua kwenye mgongo mkavu. Majaribio ya miaka ya karibuni yameegemea zaidi upande wa cheche. Mimi sijaliacha kabisa kundi la kwanza, kwa sababu dohani yenye ufa haihitaji nadharia: chokaa kati ya matofali imeliwa na moshi wa makaa wa miaka mingi, na gesi ya moto inatoka moja kwa moja kwenye nyasi. Kwa bahati nzuri tahadhari za makundi yote mawili karibu ni zilezile.

Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Kipimo chake ni kidogo, kinaingia mfukoni, na unapasua kipande kwanza upime ndani, si juu. Usichome karatasi wala maboksi, maana hizo ndizo zinazopaa zikiwa bado zinawaka. Usilibane jiko hewa usiku kucha: moto usiopata hewa hutengeneza lami inayoganda dohanini, siku ya baridi kali unaliachia jiko hewa, lami inashika. Safisha dohani angalau mara mbili kwa mwaka. Panda darini na tochi, tazama pale dohani inapopita kwenye nyasi. Weusi juu ya tofali au harufu ya moshi ni sababu ya kutowasha tena mpaka kamera ipitishwe ndani. Kile kichujio cha waya cha kuzuia cheche juu ya dohani, kitoe: huziba kwa masizi, na kikiziba kinaleta tatizo lilelile ulilotaka kulikimbia.

Urefu wa dohani ndio unaosahaulika kuliko yote. Kanuni inataka mdomo wake uwe angalau mita 1.8 juu ya uso wa nyasi. Dohani haijafupishwa na mtu, ila kila tabaka jipya limeupandisha mgongo, na baada ya matengenezo matatu au manne unakuta mdomo unatoka kidogo tu juu ya nyasi. Anayesaini hati ya paa jipya hapimi dohani. Anayesafisha dohani hapimi paa.

Zimamoto nao wana shida yao: paa limetengenezwa kufukuza maji, na maji yao linayafukuza pia. Njia ni kukata mfereji mpana kuvuka paa, mbele ya moto, na kuvuta nyasi chini. Zamani kijiji kiliweka kulabu ndefu kanisani kwa kazi hiyo. Katika kijiji cha Bere Regis huko Dorset bado zimetundikwa kwenye ukumbi wa mlango wa kanisa. Kwa hiyo wavu wa waya unaotandazwa juu ya nyasi kuzuia ndege usifungwe kwa kukazwa pande zote. Ufungwe uweze kuvutwa mara moja kutoka chini.

Na bati? Nyumba nyingi kati ya hizi zina kuta za udongo uliochanganywa na majani makavu, hazina mifereji ya maji, zinategemea upenu mpana uyamwage mbali. Ukiweka bati bila kubadilisha upenu, ukuta utalowa. Lakini kwa taarifa yenu, bati lilishafika vijijini humo. Karne ya 20 wenye nyumba waliokosa fedha za mwezekaji walilipigilia juu ya nyasi zilezile, wakaziacha chini yake. Bati hilo likitolewa leo, nyasi hukutwa kavu, pengine na tabaka lile jeusi likiwa zima. Ukikuta nyumba ya hivyo, mwite mtaalamu wa majengo ya kale apige picha na kuchukua sampuli kabla fundi hajaanza kuezua.