Kilimanjaro haukuwa zawadi ya bethdei, tuache jamani

Naongoza wageni hapa Moshi na kila kundi halikosi mmoja wa kuuliza hili, ila anayenikera siyo mgeni, ni sisi tunaomjibu ndiyo ndiyo, eti Malkia Victoria alikuwa na milima miwili akamwonea huruma mjukuu wake Kaiser Wilhelm akampa Kilimanjaro siku ya bethdei, ndo maana mpaka wetu na Kenya umepinda. Wageni wanacheka na tipu inanona, basi tunaendelea.

Haya piga hesabu. Uingereza na Ujerumani walikubaliana mpaka ule mwishoni mwa Oktoba 1886. Wilhelm kazaliwa Januari, na mwaka huo wala hakuwa Kaiser, Kaiser alikuwa babu yake mzee wa miaka 89, yeye kakalia kiti 1888. Bethdei ya nani hiyo?

Umepinda kwa sababu Mjerumani alishakuwa na karatasi mkononi. Jühlke, wakala wa Wajerumani, alisaini na Mangi (yaani chifu wa Wachaga) Rindi wa Moshi 1885, muda mfupi tu baada ya Sultani Barghash kumtuma Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, aje awasainishe mamangi wawe chini ya Zanzibar, na Rindi alisaini kote kote, msimwone mjinga, alikuwa anatafuta wa kumsaidia dhidi ya mpinzani wake, Mangi Sina wa Kibosho. Mwingereza yeye alitaka Mombasa. Basi mstari ukatoka pwani karibu na mto Umba, ukaja Ziwa Jipe, ukaupitia mlima kaskazini, ukanyooka hadi Ziwa Victoria. Ukisimulia bethdei Rindi hayupo kabisa kwenye hadithi, na kwenye timu yangu bora ukae kimya tu utembee pole pole.

Mengine fasta. Eti mipaka yote ilichorwa Berlin? Mkutano wa 1884-85 uliweka taratibu za kugombania, mistari mingi walikuja kupatana wawili wawili baadaye.

Eti Wachaga hawakupigana? Meli mtoto wa Rindi aliwachapa Wajerumani 1892, wakarudi mwaka uliofuata wakamshinda, Machi 1900 wakamnyonga. Wapeleke wageni Old Moshi kwao Meli, siyo kila siku Marangu.

Eti Tanganyika ilikuwa koloni la Mwingereza sawa na Kenya? Kwenye makaratasi ilikuwa nchi ya udhamini, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa halafu Umoja wa Mataifa, ndo maana Nyerere aliweza kwenda New York 1955 kusema mbele ya Baraza la Udhamini, mlango ambao Kenya haikuwa nao.