Je, wajua kwanini neno la kiingereza "sanguine" lina maana ya damu na pia matumaini?

Ukisoma magazeti ya kiingereza, hasa kurasa za uchumi na siasa, kuna neno sanguine (tamka sang-gwin) linawachanganya wengi, maana ukifungua kamusi unaambiwa ni rangi nyekundu kama damu alafu hapo hapo unaambiwa ni mtu mwenye matumaini, anayeona mambo yatakaa sawa hata kama hali ni ngumu. Sasa damu na matumaini wapi na wapi?

Chanzo ni udaktari wa kale. Kuanzia enzi za Hippocrates kule Ugiriki, na baadae Galen aliyeishi karne ya 2, matabibu waliamini mwilini kuna majimaji manne, yaani damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, na tabia yako inategemea lipi limezidi. Nyongo nyeusi ikizidi unakuwa mtu wa huzuni, ndo likaja neno melancholic. Ya njano hasira zipo karibu, kohozi unakuwa mpole usiyeshtushwa na kitu. Ila mwenye damu nyingi alionekana ndo kabarikiwa, uso mwekundu, mchangamfu, jasiri, anategemea mema tu, na kwa kilatini damu ni sanguis, basi jina likaanzia hapo. Imani hii ilidumu zaidi ya miaka 1000 na ndo ilifanya wagonjwa watolewe damu eti kuweka mwili sawa! Sayansi ilishaitupa zamani, neno likabaki.

Kwenye matumizi, mara nyingi linafuatwa na about, na utalikuta sana kwenye kukanusha. Mchumi akisema "I am not sanguine about the economy" hajasema uchumi unakufa, anasema kwa upole kwamba haoni sababu ya kutulia. Na mimi naona hapo ndo linapotofautiana na optimistic (neno la kawaida la mwenye matumaini), sanguine ina ule utulivu wa mtu ambaye wenzake wameshaanza kuogopa yeye hata hajatikisika. Ni neno rasmi kidogo, kwenye kuchati na rafiki optimistic inatosha kabisa.

Ila tafadhali usilichanganye na sanguinary, mzizi ni ule ule wa damu lakini lenyewe halikuhamia kwenye tabia njema, kwahiyo ukimwandikia kiongozi sifa ukamwita sanguinary umesema ni mtu wa kumwaga damu.