Ile ya "futa ndani ya masaa 24" haipo kwenye sheria

Jamani hapa Dodoma ukikaa kibanda cha gemu Majengo lazima umsikie dogo, kashika padi imefungwa selotepu, anasema gemu la zamani ukilidaunlodi ukalifuta kabla ya masaa 24 huna kosa. Hapana. Kifungu hicho hakipo Marekani wala kwenye Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999, masaa hayahesabiwi, kinachoangaliwa ni ulikuwa na ruhusa ya kunakili au la.

Maneno hayo yalisambazwa na tovuti zenyewe za kugawa magemu, na kusema kweli hazikuwatendea haki vijana, wala hayakuziokoa, kampuni ya magemu ya Nintendo iliishtaki mojawapo, LoveROMs, 2018 na wenye tovuti hiyo wakakubali hukumu ya zaidi ya dola milioni 12.